Kalenda ya Msalani na Viendeshi vya Oene Zijlstra

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, Oene Zijlstra anastaafu baada ya kuitumikia Mamlaka ya Maji ya Wierdijk kwa miaka thelathini na minne. Katika wasifu huu wote, hilo ndilo jambo pekee nililo na hakika nalo. Mengine nimeulizia, nikajibiwa, nikaulizia kwingine, nikajibiwa kinyume chake.

Niseme mapema kwamba kazi hii ya kuandika sikuiomba. Siku ya kikao nilikuwa kwa daktari wa meno, na hapa kwetu asiyekuwepo ndiye anayepewa kazi. Mimi ni Fokje wa Idara ya Vibali. Kazi yangu ni kumwambia mtu kama anaruhusiwa kujenga gati kwenye mfereji au haruhusiwi. Mambo ya kompyuta kuniambia mimi ni kumpigia mbuzi gitaa. Lakini meza yangu iko katikati ya meza ya Oene na meza ya Tjitske wa simu, kwa hiyo mengi yametokea mbele ya macho yangu, ingawa kuona si kuelewa.

Oene aliajiriwa mwaka 1991 kama fundi wa pampu. Hapo hakuna ubishi, maana picha ipo: mtu mwembamba mwenye nywele nyingi, spana mkononi, amesimama mbele ya jumba la pampu kana kwamba amelijenga yeye. Sasa ofisini aliingiaje? Mafundi wanasema alichaguliwa kwa sababu ndiye pekee aliyesoma kitabu cha maelekezo cha laptopu yetu ya kwanza. Watu wa ofisini wanasema la, siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha na yeye ndiye aliyekuwa ndani. Nilipomwendea mwenyewe alikuna kidevu. "Hata mimi sijui, bibie," akasema. "Nilikuja kuchukua mafuta ya mashine, nikaambiwa kaa hapa kidogo. Basi, nimekaa."

Kazi aliyoifanya tangu hapo ni kusasisha viendeshi. Jamani, viendeshi. Amenieleza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mara naelewa akiwa bado anaongea, halafu akifunga mdomo uelewa wangu nao unaondoka. Ninavyojua mimi ni hivi: ndani ya laptopu kila kiungo, kuanzia spika na kamera mpaka kile kibao cha kutelezesha kidole, kina mkalimani wake mdogo anayeongea na kichwa cha mashine. Kichwa kila mara kinajifunza maneno mapya. Mkalimani akibaki na maneno ya zamani, hawasikilizani tena, na wewe ndiye unayeumia: printa inatapika alama za ajabu, kamera inaonyesha paji la uso peke yake. Kumsasisha ni kumrudisha mkalimani shule. Nilimsomea Oene maelezo haya kabla ya kuyaandika hapa. Akasema nimekosea, lakini nimekosea vizuri.

Adui wake mkubwa hakuwa kirusi wala umeme kukatika. Alikuwa kitufe kilichoandikwa "Baadaye". Laptopu ikikuuliza kama unataka kusasisha sasa, unabonyeza Baadaye, unaendelea na chai yako. Kabla mimi sijaajiriwa, watu wa Wierdijk walibonyeza Baadaye kwa miaka. Oene alituma ujumbe, hakuna aliyeusoma. Akabandika tangazo kantini, mtu akalichora masharubu. Akapita meza kwa meza akisihi, na wote wakamwambia ndiyo, ndiyo, Ijumaa, na Ijumaa ikifika wako kwenye baiskeli wanaelekea nyumbani.

Ndipo akaifikiria kalenda ya msalani. Kama kila nyumba inayojiheshimu huku kwetu, ofisi yetu nayo ina kalenda ya siku za kuzaliwa, na imetundikwa chooni, mkabala na macho ya aliyeketi, kwa sababu hakuna mtu asiyepita hapo. Asubuhi moja watu wakakuta majina yameongezeka. Oene alikuwa ameipa kila laptopu jina na siku yake ya kuzaliwa. Majina yenyewe ni ya ng'ombe wa marehemu baba yake, maana alisema ng'ombe ukimpa jina huwezi kusahau kumkamua. Siku ya laptopu yako ikifika, unaipeleka mezani kwake asubuhi, anaisasisha viendeshi, na wewe mwenye laptopu, kwa desturi ile ile ya watu, unaleta keki.

Na hapo alitupata. Sisi ni watu wa kusahau usalama wa mashine, kufunga baiskeli, hata ndoa, lakini siku ya kuzaliwa? Nani athubutu? Siku ya laptopu yangu, Klaske wa Nne, nilipewa mkono na idara nzima. "Hongera kwa Klaske!" Na kwa kuwa desturi inataka walio jirani nao wapongezwe, Tjitske naye akapongezwa kwa Klaske wangu, na Oene, na mgeni mmoja aliyekuja kuulizia kibali cha gati. Mgeni alishukuru, akala keki, akaondoka bila kuuliza neno. Mpaka leo sijui aliwaza nini.

Kumbe kulikuwa na akili nyingine ndani yake. Siku zile zilipangwa zisigongane, laptopu moja moja, wala haikuwa bahati. Kisasisho kipya kikiwa kibovu, anaumia mmoja, wengine wanangoja mpaka Oene aseme ni salama. Mpishi anaonja mchuzi kabla ya kuupakua, ndivyo alivyonieleza, na hilo niliweza kulishika kwa sababu linahusu chakula. Tena kabla hajagusa chochote aliweka kwanza njia ya kurudi nyuma, ili kiendeshi kipya kikikorofisha, cha zamani kirudishwe. Na viendeshi alivichukua kwa aliyeitengeneza mashine, si kwingine.

Hili la mwisho muulizeni Sikke, mkaguzi wetu wa tuta la kuzuia maji. Sikke hakutaka kungoja siku ya laptopu yake, au hakutaka kununua keki, habari zinatofautiana. Aliona kwenye mtandao tangazo la programu inayosasisha viendeshi vyote bure, akabofya. Kuanzia hapo akitelezesha kidole kulia, mshale unakwenda kushoto. Sikke ni mbishi kuliko nyumbu. Hakumwambia mtu, akazoea. Siku Oene alipogundua na kuitengeneza, Sikke akashindwa kabisa kufanya kazi. "Umeniharibia!" akalalamika. "Nilikuwa nimeshaizoea!" Oene akamwambia kiendeshi hakichukuliwi kwa mpita njia anayeita bure, bure. "Lakini ilikuwa bure kweli," akasema Sikke, na mimi mpaka leo sina uhakika ni nani aliyeshinda ubishi ule.

Sasa nimfikie Griet.

Wiki yangu ya kwanza hapa, nilisoma kwenye kalenda kwamba Griet ametimiza mwaka. Nikaona ustaarabu nimtafute nimpongeze. Kantini waliniambia yuko juu. Juu wakaniambia amepita sasa hivi kuelekea stoo. Stoo wakaniambia nimwulize Tjitske. Washenzi wale, wote walijua. Tjitske wa simu alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi akajifuta machozi, kisha akaipigapiga laptopu yake mgongoni. "Griet ni huyu hapa, dada. Mpe mkono basi."

Tjitske haoni tangu kuzaliwa. Simu zote za wananchi wa Wierdijk zinaingia kwake: mtaro umejaa, pampu inanguruma, bata amekwama kwenye chujio. Mbele ya Griet kuna kibao kirefu chembamba cha nukta nundu. Maandishi ya kwenye skrini yanageuka nukta zinazoinuka na kushuka chini ya vidole vyake, naye anayasoma haraka kuliko mimi ninavyosoma kwa macho. Kibao hicho ni cha zamani. Waliokitengeneza walifunga duka lao kitambo, na kiendeshi kinachokielewa kimebaki kimoja tu, kikongwe. Kwa hiyo siku ya Griet haikufanana na ya wengine. Oene alisasisha vyote, kimoja akakiacha, na kila mwaka siku hiyo walikaa pamoja asubuhi nzima, yeye na Tjitske, wakibishana kwa sauti ya chini. Nilidhani wanagombana. Nilimwuliza Tjitske kama kuna tatizo akaniambia wanafanya hesabu za ng'ombe.

Mwaka huu Oene alipotangaza kwamba anaondoka, Mkurugenzi wetu, Mama Liesbeth Roorda, alitueleza kwamba hataajiriwa mtu mwingine mahali pake. Kampuni moja ya mjini itasasisha viendeshi vyetu vyote kwa mbali, laptopu zote kwa pamoja. Hakuna foleni, hakuna kupoteza asubuhi. Tukapiga makofi. Tunapenda sana kupiga makofi kabla ya kuelewa. Aliongeza kwa upole kwamba kwa vifaa vya zamani visivyokubali mfumo mpya, wahusika watatafutiwa utaratibu, ikiwemo kupumzika mapema kwa heshima zote.

Mhusika alikuwa mmoja. Tjitske alirudi mezani, akavaa vifaa vyake vya masikioni, akavivua tena. "Fokje," akaniambia, "wakimgusa Griet, mimi nimekwisha. Nitakaa nyumbani nisikilize redio." Ana miaka arobaini na minne na hakuna mtu katika jengo hili anayeijua mitaro yetu kama yeye. Nilitaka kumwambia neno la maana. Nikamwambia nitamletea kahawa.

Oene aliiandikia kampuni ujumbe mfupi: tafadhali, fanyeni mtakavyo, lakini Griet mwacheni kabisa. Jibu likaja na adabu zote. Walikuwa wametafuta katika orodha ya wafanyakazi wetu, hawakumwona mtu anayeitwa Griet, hivyo wamechukulia kwamba ameshaacha kazi, na wanamtakia mafanikio huko aliko. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Jibu lile likasomwa kantini, likasomwa kwenye pampu, Sikke akalisoma kwa sauti ya msemaji wa mazishini. Na katika kucheka kule, kila mmoja akaamini kwamba mwingine ameshawaandikia kuwasahihisha. Mimi niliamini ni Oene. Oene aliamini ni Mkurugenzi. Mkurugenzi aliamini kwamba Griet ni mfanyakazi aliyeacha kazi.

Ikafika ile Jumanne ya Oktoba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumapili bila kupumua na kila mfereji umefura. Oene alikuwa nyumbani anamalizia likizo zake, kama afanyavyo kila mtu anayekaribia kustaafu. Tukafungua laptopu zetu, na loo! Kampuni ilikuwa imetusasisha wote kwa mpigo. Ya kwangu ilikuwa bubu. Ya mwenzangu mmoja ilikuwa imeigeuza picha yake kichwa chini miguu juu. Printa ilikataa kumtambua mtu yeyote. Watu walizunguka na laptopu mikononi kama waliookota mtoto barabarani, kila mtu akimwuliza mwenzake, na hakuna wa kujibu.

Tjitske aliweka vidole kwenye kibao. Nukta zilikuwa zimelala zote. Akavipitisha tena, pole pole, kutoka mwisho hadi mwisho. "Ni meza tu," akasema. "Fokje, nimeshika meza tu." Sauti ya Griet, ile inayomsomea skrini masikioni, nayo haikuwepo. Na simu ikawa inaita. Mzee Harkema wa shamba la chini alikuwa mpigaji wa tatu: kondoo wake wamesimama majini, anataka fundi wa zamu ya eneo lake, sasa hivi. Zamu zilikuwa zimebadilishwa jana yake, na orodha mpya ilikuwa ndani ya Griet. "Shikilia hapo, baba," Tjitske akamwambia. "Usikate. Nakuja." Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. Kisha akapiga nyumbani kwa Oene.

Alikuja kwa baiskeli, koti la mvua linachuruzika zulia zima. Mkurugenzi akamwahi mlangoni na laptopu yake. Oene akaipokea, akaiweka kwenye kiti. "Huyu ni Antje, mama, ana subira. Leo Griet kwanza." Mama Liesbeth akatazama kushoto na kulia. Nilimwona anamtafuta Griet. Nikamnyooshea kidole laptopu iliyokuwa mbele ya Tjitske, na uso wake ukabadilika, maana hapo ndipo alipoelewa tulichokuwa tunakicheka kantini.

Kilichofuata sikukitegemea. Oene hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti cha Tjitske, mikono mfukoni, akaniambia, "Bibie, wewe soma kilichoandikwa kwenye skrini. Usieleze. Soma tu." Nikasoma. Nilisoma maneno nisiyoyajua kwa sauti kubwa, kama mtoto wa chekechea, nami nilikuwa nikiogopa kuliko wote. Tjitske akabonyeza. "Chini. Tena chini. Hapo kumeandikwa nini?" Nikasoma. "Sicho. Chini tena. Sasa?" Nikasoma. "Ndicho. Hicho ndicho walichokiweka." Akakitoa. Laptopu ikamwuliza kama ana uhakika, nikamsomea hilo pia, na akasema kwa hasira kidogo, "Nina uhakika, ng'ombe wewe." Akaifuata njia ile ya kurudi nyuma ambayo yeye na Oene walikuwa wameiweka asubuhi ya siku ya Griet, walipokuwa wanafanya hesabu za ng'ombe.

Tukangoja. Ofisi nzima ilikuwa imejipanga nyuma yetu. Halafu nukta zikainuka zote kwa pamoja, kwa mchakacho mdogo, kama mchele ukimwagwa kwenye sinia. Tjitske alivuta pumzi, akapitisha vidole mara moja tu, akampigia fundi wa zamu, kisha akarudi kwa mzee. "Baba Harkema? Anakuja Jelmer. Yuko njiani, mfungulie geti la nyuma." Kondoo walipona. Mimi nililia, na sioni aibu kuandika hivyo kwenye jarida la wafanyakazi.

Mama Liesbeth ndiye aliyesema tulichokuwa tunakiogopa sote. "Na wewe ukishaondoka, Oene, haya nani atayafanya?" Wote tukamgeukia Oene. Yeye akatushangaa. "Mbona mnanitazama mimi?" akasema. "Anayeyafanya si mmemwona sasa hivi?"

Nilihitaji siku nzima kulielewa hilo. Asubuhi zote zile za kunong'ona alikuwa anamfundisha, na Tjitske alikuwa anabishana kwa sababu alikuwa ameshaanza kuona, kwa njia yake, makosa ya mwalimu. Mkurugenzi hakuchelewa. Kampuni inaendelea kutuletea viendeshi vipya, lakini hakuna kinachofika kwa mtu kabla Tjitske hajakionja na kukiruhusu, laptopu moja moja, kwa kalenda. Tjitske hatakaa nyumbani kusikiliza redio. Barua yake ya cheo kipya ilitoka wiki iliyopita.

Mafanikio mengine ya Oene ni mengi na yamejumlishwa na Idara ya Utumishi katika jedwali ambalo sikulielewa. Itoshe kusema kwamba alikuta ofisi yenye mashine zisizosikilizana, anaziacha zikisikilizana, na kwa watu wake kazi hiyo bado inaendelea. Hakuwahi kumdhihaki aliyeuliza swali la kijinga. Najua, kwa sababu mengi yalikuwa yangu.

Kalenda ya zamani ameomba kwenda nayo nyumbani, tukamruhusu. Mpya imetundikwa Jumatatu, na ameiandaa Tjitske. Ni nyeupe pe, kuanzia Januari hadi Desemba. Hakuna hata herufi moja. Kuna nukta nundu tu. Mmoja mmoja tunatoka msalani tumekunja nyuso, hatujui ni siku ya nani wala nani alete keki. Mkurugenzi alikwenda kumwomba amsomee. "Njoo na vidole vyako, mama," Tjitske akamjibu, "mimi nimesoma yenu kwa kuambiwa miaka yote." Sasa wakati wa chakula kuna darasa kantini, na Sikke, siamini macho yangu, ndiye anayeongoza.

Mimi bado nababaika. Nimeweza mstari mmoja tu. Tjitske alinishika kidole, akakipeleka mwisho wa Novemba, akaniacha nihangaike mwenyewe, herufi kwa herufi: O, E, N, E. Nikamwuliza mbona hii ni kalenda ya laptopu na watumishi, na huyu anaondoka. Akasema kitu cha zamani kinachofanya kazi vizuri hakitupwi. Kinaletwa mara moja kwa mwaka, kinakaguliwa, kinaachwa kama kilivyo.

Asante, Oene, kwa kila asubuhi uliyotupa. Kaa vizuri na mkeo Baukje, kausha koti lako, uwe na maisha marefu yasiyohitaji kuwashwa upya. Lakini tarehe 28 Novemba mwakani ni siku yako, tunakungoja na keki, na mwenye siku ndiye anayeileta. Tjitske anasema nikukumbushe kwamba safari hii hakuna kitufe cha Baadaye.

Fokje, Idara ya Vibali